Ukuta wa Matofali 2,000 na Njia Isiyo na Mwenyewe

Chukua kiwanja cha kawaida cha Moshono au Olasiti, pembezoni mwa Arusha, mita 20 kwa 30. Ukikizungushia uzio unazunguka mita 100. Toa mita 4 za geti. Ukuta ukipanda hadi mita mbili na nusu, kimo ambacho sasa hivi Arusha ndicho kinachoitwa ukuta, una mita za mraba 240 za kujenga. Mita moja ya mraba inakula matofali tisa hadi kumi ya inchi 9 kwa 18. Kwa hiyo yanahitajika zaidi ya matofali 2,000, kabla hujahesabu msingi wa mawe, nguzo, mkanda wa zege juu na plasta pande zote mbili. Sasa muulize fundi anayejenga nyumba ya vyumba vitatu, sebule na jiko, kuta za nyumba yenyewe kuanzia juu ya msingi zitameza matofali mangapi. Atakutajia idadi ambayo haiko mbali na hiyo.

Yaani familia inajenga mara mbili. Inajenga pa kuishi, halafu inajenga tena cha kupazunguka pale pa kuishi. Mke na mume wanajinyima miaka kumi, wanahamia nyumba ikiwa haina dari wala vigae ili waepuke kodi ya miezi sita sita, watoto wanalala kwenye chumba ambacho dirisha lake limezibwa kwa mabati, na bado fedha ya kwanza inayopatikana baada ya hapo inakwenda kwenye uzio. Njia inayopita mbele ya geti, ambayo kila mmoja wa nyumba ile ataikanyaga asubuhi na jioni maisha yake yote, haipati hata toroli moja la moramu.

Ninachosema ni hiki: nyumba ya familia haiwezi kuwa nzuri kuliko njia inayoifikia, na sisi wa pembezoni mwa Arusha tumemaliza fedha zetu kwenye kile kinachotutenga na njia hiyo.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Hao 200,000 walioongezeka hawakwenda kubanana Kaloleni na Levolosi, ambako nyumba zilishajaa tangu zamani. Wengi walielekea Muriet, Terrat, Olasiti, Olmoti na Moshono. Wengine, ambao hawamo kabisa kwenye hesabu hiyo, walivuka mpaka wa jiji wakajenga Kisongo, Ngaramtoni na Usa River, upande wa Arumeru. Barabara kubwa zimewafuata na nyingine zimewatangulia: njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, na barabara ya mchepuko ya zaidi ya kilomita 40 inayozunguka kusini mwa jiji kutoka Ngaramtoni hadi Usa River. Ukiwa kwenye lami hizo unaona mji umepangika. Washa indiketa uingie kulia au kushoto, uende mita 300 tu, ndipo utakutana na Arusha tunayoishi.

Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Moshono, Sakina, Ilboru na maeneo ya jirani yalikuwa mashamba ya Waarusha na Wameru: migomba, kahawa, mahindi, ng'ombe wachache nyuma ya nyumba. Mzee aliwagawia wanawe, wana wakakata vipande, vipande vikauzwa. Kipimo kilikuwa hatua za miguu. Hatua 20 kwa 20, hatua 15 kwa 25, mashahidi wakatia saini, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, biashara ikaisha. Njia ikabaki ile ile waliyokuwa wakipita ng'ombe kwenda mtoni, na kila mnunuzi aliiona inatosha, kwa sababu siku ya kuonyeshwa kiwanja alikuja kwa miguu au kwa bodaboda. Hakuna aliyekuja kuangalia kiwanja akiwa na lori la mchanga.

Lori lilikuja baadaye, na lilipita vizuri tu, juu ya kiwanja cha jirani ambaye alikuwa hajaanza kujenga. Jirani naye akajenga, akazungusha ukuta wake sawasawa na bikoni za mpaka wake, na haki ni yake. Siku shimo la choo lilipojaa, gari la majitaka likaishia kona ya pili, dereva akashuka akapima kwa macho, akatikisa kichwa. Ikabidi mipira iunganishwe kupita mbele ya nyumba tatu, na wenye nyumba hizo wafunge madirisha mchana kutwa. Gari la taka haliingii huko, na gari la zimamoto halitaingia. Mgonjwa anabebwa mgongoni au anapakiwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, usiku, kwenye tope, hadi linapoweza kufika gari. Wenye nyumba zote hizo wana mageti ya futi kumi na mbili, mapana ya kutosha kuingiza lori ambalo haliwezi kufika pale.

Ni kweli kuna TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Lakini mtandao wake nchi nzima unapita kilomita 100,000, na njia iliyopimwa kwa hatua na kuandikwa kwenye karatasi ya mauziano tu si rahisi ikawemo kwenye orodha yake. Ni kweli pia kwamba tunalipa. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani tunaponunua umeme, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kila mwezi, 18,000 kwa mwaka. Tunayo haki ya kuuliza ni kiasi gani kati ya hizo kinarudi kwenye mtaa ulikokatwa, na diwani anayekuja kuomba kura aulizwe hilo kabla hajaulizwa jingine lolote. Hata hivyo nitakuwa sisemi ukweli nikiiachia serikali mzigo wote. Njia ya mita mbili na nusu haikutengenezwa na serikali. Tuliitengeneza sisi, kila mmoja kwa ukuta wake.

Nani anaijua thamani ya njia ile? Aliyefiwa. Msiba ukitokea Moshono, au Pasua kule Moshi, ndani ya saa mbili turubai limeshafungwa, na halifungwi ndani ya uzio, kwa sababu mle hakuna nafasi. Pana gari, simtanki, kibanda cha kuku na pevingi ambayo mwenye nyumba anaionea huruma. Linafungwa njiani. Kamba moja inafungwa kwenye nguzo ya umeme, nyingine kwenye geti la jirani wa mbele, viti vinapangwa kwenye vumbi, kina mama wanawasha moto kando ya ukuta, na kwa siku tatu au nne njia inakuwa ndiyo sebule ya mtaa mzima. Watu ambao mwaka mzima walikuwa wakipigiana honi tu wanakaa bega kwa bega. Halafu mwili unasafirishwa kwenda kuzikwa Machame au Rombo, turubai linafunguliwa, na njia inarudi kuwa mali ya hakuna mtu.

Maji ndiyo yanayotuhukumu vibaya zaidi. Arusha imekaa kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru. Mvua ikinyesha juu, yote inashuka kupitia Themi, Naura, Burka na makorongo madogo yasiyo na jina, kuelekea Njiro, Muriet na Terrat. Udongo wetu ni wa volkano. Ukikauka unapeperuka, ukilowa unabebwa. Zamani maji yale yalitawanyika mashambani. Yalikuta migomba, nyasi, matuta, yakapunguza mwendo na mengine yakanywewa na ardhi. Leo yanakuta ukuta. Ukuta hauyanywi. Unayageuza tu, na mahali pekee palipobaki pa kuyageuzia ni njiani. Kila nyumba inaongeza ya kwake kutoka kwenye bati na kwenye pevingi, kupitia yale matundu ambayo fundi ameyaacha chini ya ukuta yakitazama nje. Hesabu nyumba kumi na tano kwenye mteremko mmoja, na kufika chini njia imekuwa mto. Msimu wa kwanza inachimbika mfereji mdogo katikati. Msimu wa tatu mfereji una kina cha goti na bomba la maji linaning'inia hewani. Msimu wa tano watu wanapaita korongoni, na msingi wa ukuta wa nyumba ya kona umeanza kuonekana mawe.

Kuna jambo moja ambalo majirani huona aibu kulisema mbele ya wageni. Mtu akijenga baadaye kuliko wenzake huinua kiwanja chake. Anamwaga kifusi malori kwa malori, anapanda nusu mita juu ya njia, na nyumba yake inabaki kavu. Yale maji yaliyokuwa yakipita kwake sasa yanamwingilia jirani wa chini, aliyejenga miaka sita kabla yake. Jirani naye anaweka kizingiti cha zege getini. Wa tatu anaweka viroba vya mchanga. Kila mmoja anajikinga na mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kubisha hodi kwa mwingine waseme, tuchimbe mtaro mmoja uwe wetu sote. Mita 20 za mtaro wa mawe mbele ya kiwanja hazifikii hata robo ya kazi ya ukuta ule. Lakini mtaro wa mtu mmoja hauna maana. Lazima uanze juu na uishie mtoni, na ili uishie mtoni ni lazima watu kumi na tano wakubaliane, nao kila mmoja yuko nyuma ya geti lake.

Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo pembezoni mwa jiji, eneo la Muriet, na watoto wakapoteza maisha. Sitaki kuutumia msiba wa wazazi wale kushindia hoja, wala sisemi ukuta fulani ndio ulioua. Nasema kwamba tangu siku ile hakuna mkazi wa pembezoni mwa Arusha anayeweza kudai hajui maji ya mvua moja yanaweza kufanya nini kwenye njia ya mtaa, na bado msimu uliofuata tuliendelea kuinua viwanja.

Nayajua majibu. La kwanza ni wizi. Hakuna anayejenga ukuta kwa kiburi tu, wengi wanaogopa, na woga wao una sababu. Mtu aliyeibiwa televisheni na mtungi wa gesi usiku mmoja hawezi kuambiwa kwamba uzio ni anasa. Lakini tuutazame ukuta kwa jicho la kibaka. Mita mbili na nusu za matofali zinamsumbua kwa dakika moja, ile ya kupanda. Akishatua ndani, ukuta ule ule unafanya kazi kwa niaba yake: anayepita njiani hamwoni, jirani wa mbele hamwoni, na hata bodaboda anayerudi saa nane usiku akimulika taa anamulika plasta. Ndiyo maana baada ya ukuta zikaja chupa zilizovunjwa, baada ya chupa seng'enge, baada ya seng'enge nyaya za umeme, na bado watu wanafuga mbwa. Kama kimo kingetosha, kwa nini kila miaka michache tunaongeza kitu juu yake?

Nadhani tabia hii tuliichukua mahali. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa mwaka 1994, ikawekwa hapa Arusha, ikafungwa mwishoni mwa 2015. Kwa karibu miaka ishirini mji ulikuwa na wapangaji wa kimataifa wanaolipa kwa dola, na mpangaji wa aina hiyo alitaka ukuta mrefu, geti la chuma, grili madirishani na kibanda cha mlinzi. Njiro ilijifunza haraka. Mwenye nyumba ambaye hakuwa na ukuta hakuwa na mpangaji. Kwa wapangaji wale ilikuwa sawa, kwa kuwa hawakuja kuzeeka hapa. Watoto wao hawakuwa na haja ya kumjua mama wa nyumba ya tatu. Walipoondoka, umbo la nyumba zao lilibaki kuwa ndilo umbo la mafanikio. Mwalimu wa sekondari anayejenga Muriet kwa mkopo wa SACCOS leo anaiga nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya mtu mwenye mlinzi wa zamu mbili na gari la ofisi. Yeye mlinzi hana. Anachoweza kuwa nacho ni majirani, na ukuta umewafungia nje.

Nitatetea kitu kimoja ambacho wenzangu wengi wa mitaa hii hawakipendi: fremu, yaani chumba cha biashara kinachotazama njiani. Ukipita Njiro utasikia fremu zinalaumiwa kwamba zinaushusha mtaa, zinaufanya uonekane uswahilini. Mimi naona zinaubeba. Mama mmoja wa Moshono alipojenga uzio alitoa mita sita za upande wa njia akajenga vyumba viwili vya biashara vinavyotazama nje. Kimoja kina duka, na kama kawaida wote tunasema tunakwenda kwa Mangi. Kingine kina fundi cherehani na binti yake anayesuka nywele. Jioni saa moja na nusu taa ya dukani inamulika mita kumi na tano za njia. Mtoto aliyetumwa mkate anakwenda na kurudi akiwa anaonekana. Msichana anayeshuka kwenye kifodi akitoka kazini mjini anapunguza mwendo akifika pale, badala ya kuuongeza. Mangi anajua nani amehamia wiki iliyopita, nani amesafiri, gari la nani halikurudi jana, na anamwona kijana asiye wa hapa anayepita mara ya tatu bila kununua kitu. Anakopesha unga kwa daftari. Anatunza funguo za nyumba mbili. Mama anapata kodi ya kulipia ada.

Hakuna nyaya za umeme zinazoweza kufanya kazi hiyo. Nayo imefanyika kwa matofali yale yale ya ukuta, ila yamepangwa kwa namna ambayo upande wa nje nao una mtu.

Wanaopinga wana hoja moja ya kweli. Fremu ikigeuka kuwa grosari ya pombe, muziki unaanza saa kumi jioni na hauishi, walevi wanakojoa ukutani, na mtoto hawezi kusoma. Hilo lisiruhusiwe katikati ya makazi, kwa sauti yoyote ile. Lakini duka, saluni, fundi viatu, mama wa mboga na genge la ndizi si grosari. Kiwanja chenye hati ya makazi kikitakiwa kugeuzwa matumizi, mwenye nyumba anatakiwa kuomba halmashauri chini ya taratibu za mipango miji, na kwa fremu moja ya duka la sukari na chumvi mlolongo ule ni mrefu mno. Matokeo yake wengine wanajenga kimyakimya na wengine wanaacha. Jiji lingeweza kusema wazi: viwanja vya kona katika maeneo ya makazi vinaruhusiwa fremu mbili zisizouza pombe, kwa kibali cha kurasa mbili kinachotolewa kwenye kata. Mapato yangeongezeka, na taa za njiani zingewashwa bila jiji kununua nguzo hata moja.

Jibu la pili ninalopewa ni la utamaduni, kwamba mtu anataka boma lake, mipaka yake, faragha yake. Hapa nawauliza Wachaga wenzangu, ambao tumejaa mitaa hii. Wengi wetu tuna nyumba ya pili kule Marangu, Kibosho au Old Moshi, nzuri kuliko hii ya mjini, inayofunguliwa Desemba na kufungwa Januari. Tukifika kule tunapita wapi? Tunapita kwenye vijia vya kihamba, yaani shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa, na mpaka wa mtu na mtu ni mimea ya masale. Hakuna asiyeuona mpaka ule. Kung'oa masale ya mwenzako ni kosa zito, na jani lile lile ndilo mtu anachukua mkononi akienda kuomba msamaha. Ni mpaka unaoheshimika kweli kweli, na bado unaongea na jirani aliye ng'ambo yake, unampa ndizi juu yake, na maji yanapita chini yake. Mfongo, yaani mfereji wa maji, ulikatiza vihamba vya watu wengi, ukawa na zamu na siku za kusafisha, na asiyetokea alitozwa. Babu zetu walikaa jirani jirani mlimani, na walijua kwamba mfereji mmoja hauwezi kuwa wa mtu mmoja.

Sisi tumegawanya mambo vibaya. Majirani tumewaacha mlimani, kwenye nyumba tusiyoishi. Hapa tunapoishi tumejenga ukuta. Mama akianguka bafuni Jumanne usiku, ndugu wa Kibosho hawatafika. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Atakayefika ni yule wa geti la mbele, kama ana namba yetu ya simu.

Moshi mjini wana mfano ambao bado unaweza kutazamwa kwa macho. Shanty Town, licha ya jina lake, ni mtaa wa barabara pana, miti mikubwa na viwanja vilivyozungushiwa michongoma na maua. Unatembea pale saa nane mchana kwenye kivuli. Unaona veranda, unaona nani ameketi, unaamkia, unaitikiwa. Ni kweli mtaa ule ulipangwa kwa ajili ya wakubwa wa enzi za ukoloni na hakuna familia ya kawaida inayoweza kupata kiwanja cha ukubwa ule leo. Lakini michongoma haihitaji ekari. Inaota Pasua kama inavyoota Shanty Town, inachoma kuliko seng'enge, na mche wake hauhitaji saruji. Kinachonihuzunisha ni kuona hata huko michongoma ya miaka hamsini inang'olewa na trekta ili matofali yapande, na mwenye nyumba anapongezwa kwa kufanya maendeleo.

Anayehitaji ukuta anaweza kuujenga kwa akili zaidi. Matofali mita moja kutoka chini, nondo au wavu wa chuma juu yake, na maua yanayotambaa mahali unapotaka kujificha: sehemu ya jikoni, kamba ya nguo, bafu la nje. Anayepita anaona uwanja na anayeiba anaonekana. Geti lirudi ndani mita mbili kutoka kwenye mpaka, gari lisimame hapo bila kuziba njia na watoto wapate pa kuchezea wakikwepa bodaboda. Kona ya kiwanja ikatwe pembe ili lori ligeuke. Taa moja ya nje ielekee njiani, na swichi yake iwe ndani kwako. Maji ya bati yaingie kwenye tangi kabla ya kwenda kwa jirani, hasa Arusha, ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi na tumezoea kuwaona watoto wetu wakibadilika rangi ya meno. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Na matofali zaidi ya 1,000 uliyoyaokoa yatasaidia kulipia haya.

Lakini nyumba moja moja haziwezi kupanua njia. Hilo lina wakati wake, nao ni wakati wa urasimishaji. Mitaa mingi ya Arusha na Moshi iliyojengwa bila kupimwa imepitia, inapitia au inasubiri zoezi hili: wakazi wanachanga, mpima anakuja, ramani inachorwa, watu wanapata hati za miaka 33, 66 au 99. Wote tunaitaka hati, kwa mkopo wa benki na kwa usalama wa watoto. Vikao vyake nimevihudhuria. Watu wanajaa siku ya kujadili bei. Siku ya kujadili barabara wanakuja wachache, na waliokuja wamekuja kulinda mita yao. Mpima anasema njia hii inatakiwa iwe mita sita, mzee mmoja anasimama anasema ukuta wangu hauguswi, mwingine anasema basi na wangu, na mwisho ramani inachora njia kama ilivyo, mita mbili na nusu, na inapigwa muhuri iwe hivyo kisheria.

Tupige hesabu ya kile kinachogombewa. Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 akitoa mita moja upande wa mbele, anatoa mita za mraba 20 kati ya 600. Ni kama asilimia tatu. Wa ng'ambo akitoa yake, njia ya mita mbili na nusu inakuwa nne na nusu, na gari la majitaka linafika. Wakitoa mita mbili kila upande wanapata sita na nusu, mtaro ukiwemo. Muulize dalali yeyote wa Kijenge tofauti ya bei kati ya kiwanja kinachofikiwa na gari na kisichofikiwa. Ndiyo maana tangazo lao halikosi maneno hayo, gari linafika mpaka mlangoni. Anayekataa kutoa asilimia tatu ya ardhi anakataa ongezeko la bei kubwa kuliko hilo, mbali na mgonjwa wake kubebwa mgongoni.

Ambaye ameshajenga ukuta ana haki ya kuuliza nani atambomolea na nani atamjengea, na jibu lisiwe vitisho. Mtaa unaweza kuchanga kwa ajili ya kuta mbili tatu zinazoziba, kama unavyochanga kwa ajili ya msiba. Fedha ya rambirambi tunaipata ndani ya saa chache. Ambaye hajajenga, na Muriet, Olmoti na Mabogini ya Moshi wako wengi sana wa namna hiyo, aanze kupima kutoka kwenye njia ya mita sita hata kama wenzake hawajakubali bado, na mwenyekiti wa mtaa akatae kugonga muhuri kwenye mauziano yoyote ambayo karatasi yake haionyeshi njia ina upana gani na maji yanaelekea wapi. Mistari miwili kwenye karatasi ya mauziano. Haihitaji sheria mpya, wala bajeti, wala mfadhili. Inahitaji mnunuzi aseme mbele ya mashahidi kwamba bila hiyo mistari hatoi fedha.